Kuibunia ZX Spectrum kadi ya kisasa: kadi ijue kwanza kunyamaza

Wakuu, kila nikisema nina ZX Spectrum, ile kompyuta ya nyumbani ya 1982, inayofanya kazi mpaka leo kuna mtu ananiuliza aanzie wapi kuitengenezea kitu cha kisasa, joistiki, SD kadi, ROM mpya, na kabla sijajibu ashaanza kutaja FPGA (chipu kubwa ya lojiki unayoipanga mwenyewe). Tulia kwanza mkuu. Mashine hii ya Sinclair ina prosesa ya Z80A inayokimbia megahezi 3.5, ROM (memori ya kudumu) kilobaiti 16, RAM (memori ya kazi) kilobaiti 48, basi. Na mgongoni ina ulimi wa bodi unaochungulia nje, pini 28 juu na 28 chini, ambapo karibu kila waya wa prosesa umeletwa ukiwa uchi. Hakuna chipu ya kuulinda pale katikati. Ukigusa D0, waya wa kwanza wa data, kule nyuma umegusa mguu wa prosesa yenyewe.

Hiyo ndo raha yake na ndo hatari yake. Raha kwa sababu kadi yako, yaani bodi unayoichomeka kwenye ulimi huo, inaweza kusikia kila kitu prosesa inachosema, anwani gani inaitwa, inasoma au inaandika. Hatari kwa sababu nyaya nane za data ni za wote, ROM, RAM, ULA (chipu inayoshughulikia picha, kibodi na spika), na sasa kadi yako. Ni kama barazani kwenye kahawa, anaongea mmoja wengine wanasikiliza. Chipu mbili zikiongea kwa mpigo, moja inavuta D0 juu nyingine inaivuta chini, umeme unapita kati yao moja kwa moja, zinachemka, mashine inaganda, na siku ya bahati mbaya kuna moja inakufa. Kwahiyo kazi ya kwanza ya kadi sio kujibu, ni kunyamaza muda wote ambao haijaitwa. Mimi nabuni kila kitu kutokea hapo na ndivyo nitakavyoeleza.

Kabla ya kadi yoyote, umeme. Watu wanaruka hatua hii alafu wanahangaika wiki nzima na kosa ambalo sio la kadi. Adapta ya Spectrum ni volti 9, na katikati ya plagi ni hasi, sio chanya kama adapta nyingi za leo, kwahiyo pima na mita kabla ya kuchomeka, usiamini umbo la plagi. Ndani kuna regileta ya 7805 inayoshusha 9 kuwa 5 kwa kuchoma hizo 4 zinazozidi zikawa joto, ndo maana ile mashine inapata moto upande mmoja. Toa 7805, weka moduli ya kisasa yenye miguu mitatu ileile, mimi natumia TSR 1-2450 ya Traco, inakubali kuanzia volti 6.5 na inatoa 5 kwa ampia 1 bila bati la kupozea. Ile 7805 ya zamani weka kwenye bahasha, andika jina, hifadhi. Kila kitu ninachofanya kwenye mashine ya miaka 40 lazima kiweze kurudishwa, sikati nyuzi za bodi na sitoboi kasha, maana kasha la asili halitengenezwi tena na ULA ya Ferranti haitengenezwi tena. Hata Z80 yenyewe, Zilog walitangaza 2024 kwamba wanaacha kutoa ile Z84C00 ya miguu 40, kwahiyo ulizonazo zitunze.

Sasa RAM ya chini. Kilobaiti 16 za kwanza ni chipu nane za 4116 na hizi ni za zama nyingine kabisa, zinataka volti tatu, +5, +12 na -5, na ile -5 ikipotea huku +12 ipo chipu zinakufa. Hizo +12 na -5 zinazalishwa na kasakiti kadogo ka transista na koili ndani ya mashine, ambako kanakufa kirahisi sana. Mimi yalinikuta, nilichomeka kadi huku mashine imewaka, sekunde moja tu, skrini ikajaa michirizi na nikapoteza transista moja na chipu tano za RAM. Tangu siku ile adapta naitoa ukutani kabisa, nahesabu mpaka kumi, ndo nagusa kadi.

Kama chipu zako zishakufa au unataka kuzipumzisha, tumia 4164. Umbo ni lilelile, miguu 16, ila ramani ya umeme ni tofauti: kwenye 4116 mguu wa 1 ni -5, wa 8 ni +12 na wa 9 ni +5, wakati kwenye 4164 mguu wa 1 hauna kazi, wa 8 ni +5 na wa 9 ni anwani A7. Kwahiyo mguu wa 8 unatakiwa upewe 5 badala ya 12, na wa 9 ukibaki pale pale kwenye +5 haina neno, maana yake A7 iko juu daima na unatumia robo tu ya chipu. Tengeneza bodi ndogo ya kukaa kwenye soketi inayobadilisha hizo pini, ni safi kuliko kurukisha waya kwenye bodi ya zamani. Ila sikiliza, usiiue +12 kabisa ukidhani haina kazi tena, LM1889 inayotengeneza rangi ya picha inaihitaji. Nimeona mtu ameikata akashangaa picha yake imekosa rangi.

Picha nayo kwa ufupi tu. Ndani ya kale kaboksi ka bati ka antena, unainua mguu wa waya wa video unaoingia kwenye modyuleta (inua, usikate), unaupeleka kwenye jeki ya RCA kupitia kapasita ya mikrofaradi 100, na TV yoyote yenye tundu la njano inapokea. Ni PAL, na kwa vile Tanzania na Kenya TV zetu zilikuwa PAL kama za Uingereza hata ile TV ya kichogo ya nyumbani inaonyesha vizuri.

Haya tuje kwenye kadi yenyewe. Kadi ya kwanza nakushauri iwe joistiki ya Kempston (aina ya joistiki ambayo gemu nyingi za Spectrum zinaijua), sio kwa sababu ni ndogo, ni kwa sababu inakufundisha kunyamaza. Unahitaji chipu mbili tu, 74HCT540 na chipu moja ya lojiki ya kuprogramu kama ATF22V10. Chagua ile ya CQZ maana inakula umeme kidogo, za kawaida zinakunywa sana na wewe unachukua 5V ya mashine ya watu. Mimi najiwekea sheria kadi nzima isivuke miliampia 100.

Joistiki ni swichi tano zinazogusa graundi. Kwenye plagi ya pini 9, pini 1 juu, 2 chini, 3 kushoto, 4 kulia, 6 kufyatua, 8 graundi. Kila moja weka rezista ya kiloohm 10 kwenda +5 ili ikiwa haijabonyezwa ibaki juu. Kempston inataka kinyume chake, iliyobonyezwa iwe 1, ndo maana nikasema 540, hiyo inageuza. Biti 0 ni kulia, 1 kushoto, 2 chini, 3 juu, 4 kufyatua. Zile biti tatu zinazobaki usiziache zinaelea hewani, funga miguu yake ya kuingilia kwenye +5, zikigeuzwa zinatoka 0. Gemu nyingi zinasoma baiti nzima, biti inayoelea inaweza kumfanya mchezaji wako ajiendee mwenyewe kama ana jini.

Na sasa swali lenyewe, kadi ifunguke lini? Prosesa inaposoma kutoka mlango (port) namba 31 inashusha IORQ (waya wa kuita mlango), inashusha RD (waya wa kusoma), na anwani inakaa kwenye A0 mpaka A7. Huna haja ya kuangalia anwani zote nane, ila pia usiwe mvivu ukaangalia moja tu. Kadi nyingi za miaka ya 80 zilikuwa zinaangalia A5 peke yake kuokoa senti za chipu, matokeo yake zinajibu kwenye milango kibao isiyo yao na ukiweka kadi ya pili zinagombana. Mimi naangalia A7, A6 na A5 zote sifuri, kwenye faili la CUPL (lugha ya kuprogramu chipu hizi) inaandikwa hivi, alama ya ! maana yake waya uko chini:

!KEMP = !IORQ & !RD & M1 & !A7 & !A6 & !A5;

Ile M1 pale (waya unaoshuka prosesa inapochukua amri) kuna wanaoiona ya ziada. Iko hivi, Spectrum inapata intarapti (ishara ya kuikatiza prosesa kazi) mara 50 kwa sekunde, na Z80 inapoikubali inashusha IORQ pamoja na M1 bila kusoma mlango wowote. Kwa kadi ya kusoma tu RD inakulinda, lakini kesho utaongeza mlango mwingine, utanakili mstari huu ukaitoa RD bila kuweka WR (waya wa kuandika), na ukisahau mambo ya M1 kadi inaweza kujibu mpaka mara 50 kwa sekunde jambo ambalo haijaulizwa. Zoea kuiandika tangu siku ya kwanza.

Kitu kingine ambacho sikukijua mwanzo, ULA haitambui mlango wake kwa namba 254 kamili, inaangalia A0 tu. A0 ikiwa sifuri ULA inajibu, kibodi, spika, rangi ya mpaka, vyote. Maana yake mlango wowote unaobuni lazima uwe namba witiri. Ukichagua mlango 30 unagombana na kibodi, na utakaa usiku kucha unatafuta kosa kwenye waya wakati kosa liko kwenye namba. 31 ni witiri, uko salama.

Ukimaliza hiyo, kadi ya pili ni ROM, na hapa ndo mashine inakuwa tamu. Sinclair waliacha laini ya ROMCS (ya kuiamsha au kuizima ROM) kwenye ulimi wa nyuma, na kati ya ULA na ROM kuna rezista ya ohm 680, kwahiyo ukiivuta ROMCS juu kwa nguvu kutoka nje ULA inashindwa kuiamsha ROM ya ndani na yako inachukua nafasi. Yaani walikuachia mlango wazi bila wewe kufungua hata skrubu. Vuta kupitia dayodi ya 1N4148 kutoka +5, sio waya mtupu, ili kadi nyingine ikiwepo nyuma yako na yenyewe inavuta msigongane. Chipu nzuri ni SST39SF010A, ya volti 5 kabisa, kilobaiti 128, hiyo ni nafasi ya ROM nane za kilobaiti 16. A0 mpaka A13 zinatoka kwenye mashine, A14, A15 na A16 za chipu unazifunga kwenye swichi tatu ndogo na unachagua ROM unayotaka kabla ya kuwasha. Moja weka ROM ya asili, nyingine weka ROM ya kupima RAM, hiyo itakuokoa sana maana inaweza kukuambia chipu ipi imekufa hata kama RAM ya chini yote ni mbovu.

Chipu inaamka MREQ (waya wa kuita memori) ikiwa chini na A15 na A14 za prosesa zote sifuri, na OE yake (mguu wa kuifungulia data itoke) unaipa RD. Kuhusu kasi usiogope. Mpigo mmoja wa saa ni kama nanosekunde 286, na prosesa ikichukua amri kutoka memori, tangu MREQ ishuke mpaka isome data ni mpigo mmoja na nusu hivi, toa ucheleweshaji wote bado unabaki na zaidi ya nanosekunde 300. Chipu ya nanosekunde 70 na lojiki ya 15 zinajibu zikatulia zikasubiri. Ndo maana nasema FPGA sio lazima, kasi sio tatizo la mashine hii. (Kama yako ni zile Spectrum za baadaye, +2A au +3 za Amstrad, hii haikuhusu, kule laini za ROM wamezibadilisha na ROMCS hiyo haipo.)

Baada ya hapo watu wote wanataka SD kadi, na mimi nawaelewa, kaseti ya gemu la 48K inachukua dakika nne tano ikiwa inakubali. SD inaongea volti 3.3 na mashine inaongea 5. Kutoka 3.3 kwenda 5 ni rahisi, chipu za HCT na Z80 yenyewe zinahesabu volti 2 kuwa juu, hivyo 3.3 inatosha kabisa. Kutoka 5 kwenda 3.3 ndo shida, usimpe SD volti 5 hata siku moja, weka 74LVC245 inayolishwa 3.3, hiyo inavumilia 5 kwenye kuingia na inatoa 3.3 safi. Alafu unahitaji rejista ya kusukuma biti moja moja. Hapa 22V10 haikutoshi tena, nenda CPLD, chipu ya lojiki ya kuprogramu iliyo kubwa zaidi. Wengi wamezoea XC9572XL ya Xilinx lakini familia hiyo AMD, walioinunua Xilinx, wameamua kuisitisha, mimi kwa ubunifu mpya natumia ATF1504AS, ni ya volti 5 halisi na ina makroseli 64.

Milango usibuni ya kwako. Fuata DivMMC (muundo unaojulikana wa kadi ya SD ya Spectrum), 0xE3 kwa kuchagua kurasa za memori, 0xE7 kuamsha SD, 0xEB kwa data, sababu ukifuata hizo esxDOS, programu iliyokwisha andikwa ya kusoma mafaili ya SD, inafanya kazi kama ilivyo na huhitaji kuandika mfumo wa mafaili mwenyewe. Sehemu ngumu ya DivMMC sio SD, ni kule kujiingiza yenyewe: kadi inasikiliza M1, ikiona prosesa inachukua amri kwenye anwani fulani, kwa mfano 0x04C6 na 0x0562 ambazo ni za kusevu na kulodi kaseti, inaiondoa ROM ya ndani na kuweka yake, alafu ikiona 0x1FF8 mpaka 0x1FFF inajitoa. Programu inadhani inasoma kaseti, kumbe inasoma SD. Nikiliona hilo likifanyika kwenye lojiki analaiza (kifaa cha kuonyesha kinachopita kwenye nyaya) mpaka leo nafurahi.

Kwa saa ya kusukumia biti unaweza kutumia CK ya nyuma (laini ya saa ya prosesa), biti nane ni mipigo minane na INIR (amri ya Z80 ya kusoma baiti mfululizo) inachukua mipigo 21 kwa baiti, inakamilika kabla hujaulizwa tena. Hesabu yake ni kama baiti 166,000 kwa sekunde, gemu zima la 48K chini ya nusu sekunde. Ila CK usiifanye kipima muda cha kitu chochote, ULA huwa inaisimamisha prosesa ikitaka kusoma picha kwenye RAM ya chini, kwahiyo ile saa inakata kata. SD haijali, inasubiri tu. Chipu ya sauti ikilishwa hiyo itajali sana.

Bodi yenyewe chora kwenye KiCad, programu ya kuchora bodi, ni bure. Nafasi ya pini ni milimita 2.54, soketi ya pini 28 kwa mistari miwili, na nafasi ya 5 lazima iwe na kile kikingi cha kuzuia, kipande kinachoingia kwenye mkato wa ulimi ili kadi isiteleze. Usiuze wala usimpe mtu kadi isiyo na kikingi hicho. Mstari wa chini +5 iko nafasi ya 3 na +9 nafasi ya 4, zimepakana, kadi ikiteleza kidogo tu zikagusana umepeleka volti 9 kwenye kila chipu ya mashine. Kila chipu ipewe kapasita yake ya nanofaradi 100 karibu kabisa na mguu wa umeme, na mlangoni mwa kadi moja ya mikrofaradi 47. Na chipu nunua mbili mbili uzipime, mimi niliwahi kutumiwa flashi zilizofutwa jina zikaandikwa upya, moja kati ya nne ndo ilikuwa inakubali kuandikwa.

Siku ya kujaribu, usiweke chipu zote. Chomeka kadi tupu yenye soketi tu, washa, mashine inatakiwa ionyeshe maandishi ya Sinclair kama kawaida. Zima, toa adapta, weka chipu ya lojiki peke yake, washa tena. Alafu ndo 540. Kila hatua ikipita unajua kosa likija limetoka wapi. Ukifika mwisho andika hii:

10 PRINT AT 0,0;IN 31;"  "
20 GO TO 10

Bila kugusa kitu ionyeshe 0, kulia 1, kushoto 2, chini 4, juu 8, kufyatua 16, na ukibonyeza juu na kulia pamoja 9. Ikionyesha 255 mara nyingi 540 haifunguki, angalia OE zake mbili, zote zinatakiwa kushuka, wengi wanasahau ya pili. Ikibadilika badilika ovyo biti mojawapo inaelea. Na kama hata maandishi ya Sinclair hayaji ukiweka 540, zima haraka, kadi inaongea bila kuitwa, toa 540, washa tena, weka mita kwenye mguu wa KEMP, mashine ikiwa imetulia uone karibu volti 5 pale, ukiona sifuri rudi kwenye ule mstari wa CUPL uangalie alama za mshangao moja moja.